Wasiguswe kwa Mkono

Kazini kila mtu alimwita Mjomba, naye aliitika, ingawa hakuwahi kuwa na dada, wa tumbo moja wala wa kambo. Mtu asiye na dada ujomba anautoa wapi? Lakini alishazoea. Wanafunzi walimwita Mjomba, wafagizi walimwita Mjomba, hata Profesa, aliyemzidi miaka mitatu, alikuwa akichungulia mlangoni na kuuliza, "Mjomba, panya wangu wazima?" Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho, na kitambulisho kilikaa mfukoni.

Kazi yake ilikuwa kutunza panya. Si hawa wanaotutobolea magunia. Ni panya weupe wa utafiti, wenye macho mekundu, waliokaa ghorofa ya chini kabisa, nyuma ya milango miwili ambayo haikuruhusiwa kufunguliwa kwa pamoja. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Aliwabadilishia maranda, aliwaoshea chupa za maji, aliandika joto la chumba asubuhi na alasiri kwa mwandiko ulionyooka, na alijua kwa kunusa tu, akiwa bado mlangoni, kama kuna aliyezaa.

Mkewe alikuwa amefariki miaka sita nyuma. Hawakujaliwa mtoto. Siku ya mazishi watu walimpa mkono mmoja baada ya mwingine mpaka vidole vikaingia ganzi: pole, pole sana, jikaze. Kisha wakaenda zao, na ikawa kama siku ile walimmalizia mikono yote waliyokuwa wamemwekea. Tangu hapo zikawa salamu za mbali, kichwa kinatikiswa, "Mjomba, habari," na mtu ameshapita. Mwenye duka alimsukumia mkate juu ya kaunta. Jirani alimsalimu kupitia dirishani. Hakuna aliyemchukia, na hilo ndilo lililomnyima hata wa kugombana naye.

Jumamosi alikwenda kwa kinyozi. Kila Jumamosi, hata nywele zikiwa hazijaota. Kinyozi alikuwa mtu wa maneno. "Mzee wangu, leo nikunyoe nini, upepo?" Watu waliokaa benchi wakaangua kicheko, naye akacheka nao, akakaa kitini, akafumba macho, na kinyozi akamshika kichwa kwa viganja viwili ili akiweke sawa. Hicho ndicho alichokifuata. Wembe ulikuwa kisingizio tu. Tusifichane, mtu huyu alikuwa mpweke, upweke ule wa kumkausha mtu koo, na hakuwa na wa kumwambia.

Mwaka huo akaja Daktari. Kwa kweli hakuwa daktari bado. Alikuwa mwanafunzi wa uzamivu, mwaka wa tatu, binti mwembamba wa miwani mikubwa, aliyetembea haraka kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Lakini Mjomba alimwita Daktari tangu siku ya kwanza.

"Bado, Mjomba. Usinitie nuksi."

"Nakuzoesha, mwanangu. Siku ukilipata lisikubane."

Yeye ndiye pekee pale ndani aliyekuwa na subira ya kumweleza mlisha panya kinachofanyika. Siku moja, huku akipanga mirija kwenye barafu, alimweleza kuhusu peptidi yake, dawa aliyokuwa akiitafiti. Chini ya ubongo, alisema, kuna tezi ndogo sana, na hiyo ndiyo inayotoa homoni ya ukuaji. Haitoi muda wote kama bomba bovu. Inatoa kwa mikupuo, inanyamaza, inatoa tena. Mwili una ufunguo wake wa kuifungua tezi hiyo.

"Mimi nimechonga ufunguo wa bandia," alisema. "Asidi amino sita tu, zimeungwa moja baada ya nyingine kama shanga. Huwezi kuukuta mwilini mwa mtu, umetengenezwa maabara. Lakini unaingia kwenye kitasa, na tezi inafunguka."

"Kwa hiyo wewe ni mwizi."

"Mwizi mwenye kibali, Mjomba. Nimejaza fomu."

Jaribio lenyewe lilikuwa hivi. Watoto wa panya wa siku kumi wanatengwa na mama zao kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tano. Wakikosa mama, homoni yao ya ukuaji inashuka. Saa tano nusu yao wanachomwa sindano ya peptidi, na nusu wanachomwa maji ya chumvi tu. Baada ya robo saa kila mmoja anatolewa tone moja la damu kwenye ncha ya mkia, kisha anarudishwa kwa mama yake, na kesho yake wanaletwa wengine waliofikisha siku kumi. Waliopata peptidi homoni inatakiwa ipande. Wa maji inatakiwa ibaki chini.

"Tofauti kati ya hawa na wale," Daktari alisema, "hiyo ndiyo miaka yangu mitatu."

Mtunzaji hakutakiwa kujua nani anapata nini. Si kwamba hawakumwamini. Ndiyo taratibu ya utafiti. Kwa hiyo chupa moja ilibandikwa karatasi nyekundu na nyingine ya bluu, na watoto wakatiwa doa la wino mgongoni, kumi na wawili jekundu, kumi na wawili bluu. Ila Mjomba alijua siku ile ile ya kwanza. Peptidi ukiitikisa inafanya povu na kuharibika. Chupa nyekundu Daktari aliizungusha taratibu katikati ya viganja vyake, huku amebana pumzi. Ya bluu aliitikisa harakaharaka huku akitazama saa ya ukutani. Macho hayana pazia.

Mlangoni, kwa herufi kubwa, Daktari alikuwa amebandika tangazo: WATOTO WASIGUSWE KWA MKONO. Harufu ya binadamu ikimganda mtoto, mama anaweza kumkataa. Mjomba alilijua hilo kabla Daktari hajaanza shule ya msingi, lakini alisoma tangazo lote, akatikisa kichwa kukubali.

Basi kuanzia saa tatu hadi saa tano, Daktari akiwa juu anaandaa mirija na barafu, Mjomba alibaki peke yake na watoto ishirini na wanne. Kazi yake ilikuwa kutazama kipimajoto tu. Walikuwa kwenye sanduku la joto, kila mmoja kwenye kijumba chake, wasigusane, ngozi zao nyembamba zikianza kuota manyoya. Walifungua midomo. Walifungua sana, mpaka mbavu zikaonekana, na hapakusikika kitu. Daktari alishamwambia kwamba watoto wa panya wakiachwa peke yao hulia kwa sauti nyembamba isiyofika kwenye sikio la binadamu. Siku ya kwanza Mjomba alikaa saa mbili nzima akitazama midomo ishirini na minne inayolia asiyoisikia, na alipofika nyumbani chakula hakikumpanda.

Siku ya pili alichukua brashi.

Ilikuwa brashi ndogo ya mchoraji, ya nywele laini, aliyokuwa nayo miaka mingi. Mama panya akifa, watoto wake hawafi kwa njaa tu. Wanahitaji kulambwa tumboni ndipo wapate hata kukojoa. Mjomba alikuwa amelea mayatima wengi kwa brashi hiyo, ameichovya kwenye maji ya uvuguvugu na kuwapapasa, mgongoni, ubavuni, tumboni, polepole. Hiyo ilikuwa desturi yake tu, haikuandikwa popote wala hakuna aliyemuuliza.

Akawapapasa wa bluu. Wa bluu peke yao. Wenzao, alijiambia, saa tano watapata dawa yao. Hawa watapata sindano ya maji ya chumvi na asante. Kila mmoja dakika moja, kisha anayefuata, kisha anarudia mzunguko. Mkono wake haukugusa mtoto hata mmoja. Brashi ilipopita mgongoni, mtoto alifunga mdomo, akajikunja, akatulia.

Kadiri siku zilivyokwenda akaanza na kuwasimulia. Habari za mwenye nyumba na paa lake linalovuja. Habari za mkewe, jinsi alivyokuwa akimkanyaga miguu kitandani kwa baridi, na yeye analalamika, mjinga, analalamika! Kwa wiki saba hakwenda kwa kinyozi hata Jumamosi moja, na hakutambua. Alifika kazini kabla ya wakati, yeye ambaye tangu afiwe hakuwa na mahali pa kuwahi.

Wiki ya nane Daktari alishuka ngazi na karatasi mkononi. Hakukimbia safari hii.

"Mjomba, wa bluu wamepanda."

"Wamepanda wapi?"

"Homoni. Wa nyekundu wamepanda, na wa bluu wamepanda. Wako sawa. Hakuna tofauti." Akavua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa tena ikiwa chafu vilevile. "Niambie ukweli. Wale wa bluu uliwapa kitu?"

"Sikuwapa kitu."

"Maziwa? Maji? Uliwaongezea joto?"

"Haki ya Mungu, mwanangu, sikuwapa kitu. Daftari la joto hilo hapo, kagua."

Naye alisema kweli kama alivyoijua. Kitu ni cha kushikika, kinatoka hapa kinakwenda pale. Brashi ilikwenda na ikarudi, haikuacha chochote ila unyevu. Wazo la brashi halikumpitia hata kidogo, kama ambavyo ukiulizwa ulimlisha nini mgonjwa huwezi kutaja kwamba ulikaa karibu yake.

Daktari akarudia vipimo vya damu yote kwenye mashine. Jibu likawa lile lile. Jumanne Profesa akamwita ofisini, na mlango wa Profesa haukuwa wa kuzuia sauti. Mjomba alikuwa ukumbini na toroli la chupa.

"Mambo ni mawili," Profesa alikuwa akisema. "Ama peptidi yako haina nguvu zaidi ya maji ya chumvi, ama ulichanganya chupa. Kama ni la kwanza, tunafunga. Kama ni la pili, siwezi kukuamini na jaribio jingine, tunafunga. Ijumaa niletee barua, unieleze ni lipi."

Jumatano mchana Daktari alishuka kwenye chumba cha panya, akageuza ndoo, akaikalia. Macho yalikuwa yamevimba. Mjomba aliendelea kuosha chupa kwa sababu hakujua la kufanya na mikono yake.

"Nitaandika kwamba nilichanganya chupa," Daktari alisema.

"Ulichanganya?"

"Sikumbuki kuchanganya. Lakini wa maji hawawezi kupanda wenyewe, Mjomba. Haiwezekani. Kwa hiyo lazima ni mimi." Akasogeza miwani. "Bora iwe mimi kuliko peptidi. Yenyewe labda atakuja mwingine aifanyie kazi vizuri. Mimi nitarudi nyumbani, nitamwambia mama kwamba miaka mitatu nilikuwa nabadilisha chupa."

"Labda walishiba maziwa kabla hujawatenga," Mjomba alisema, ili aseme neno tu. "Wasisikie njaa."

"Si maziwa. Watu walishalijaribu hilo zamani. Waliwatenga watoto, wakawapa maziwa, homoni ikashuka. Wakawapa joto, ikashuka. Waliwaweka hata na mama aliyelazwa usingizi, harufu yake yote ipo, ikashuka vilevile. Unajua kilichoirudisha juu ni nini? Kulambwa. Ule ulimi wa mama." Akachora mstari hewani kwa kidole. "Walichukua brashi yenye maji, wakawapapasa nayo mgongoni. Ikapanda. Brashi tu, Mjomba, hebu fikiria."

Chupa ilimponyoka Mjomba ikaangukia sinki. Haikuvunjika. Aliiokota, akaiosha tena, akaiosha mara ya tatu.

"Lakini hapa nani atawapapasa," Daktari alisema, akainuka na kurudisha ndoo mahali pake. "Asante kwa kunisikiliza. Huko juu wote wananikwepa."

Daktari alipotoka, Mjomba alikaa kwenye ndoo ile ile. Hakuna haja ya kuzunguka: alikuwa ameharibu miaka mitatu ya mtoto wa watu kwa huruma yake, na njia ya kuirudisha ilikuwa moja, kusema. Na akisema, ufunguo wa chumba hiki anaupoteza. Hawatamwachia mtu aliyeingilia jaribio. Watampeleka kuosha vyombo vya kioo ghorofa ya tatu au watampa barua ya kustaafu, na asubuhi moja ataamka na pasiwe na kiumbe kinachomsubiri popote duniani. Akinyamaza, Daktari atasaini kosa lisilo lake na kuondoka, wanyama watabaki, na yeye atabaki nao. Hakuna ambaye angejua. Hilo ndilo lililomtisha zaidi, kwamba ilikuwa rahisi namna hiyo.

Alhamisi alikutana na Daktari mara tatu. Mara ya kwanza alisema, "Daktari," na Daktari akageuka, naye akasema, "Maranda yanakaribia kwisha." Mara ya pili aliinama kama anayefunga kamba za kiatu. Mara ya tatu alijitia hamnazo, akajificha nyuma ya rafu za vizimba mpaka nyayo zikapita. Mtu mzima wa miaka hamsini na tisa, amechuchumaa nyuma ya panya. Alijionea haya mpaka masikio yakamwaka.

Ijumaa asubuhi alimsubiri kwenye ngazi. Daktari alikuja na bahasha, amevaa vizuri, viatu vya ofisini.

"Usiipeleke hiyo," Mjomba alisema.

"Mjomba, nimechelewa."

"Ni mimi. Nilikuwa nawapapasa wa bluu. Kwa brashi."

Daktari alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha ngeni.

"Brashi gani?"

Akaitoa mfukoni mwa koti. "Kila siku, tangu siku ya pili. Mmoja dakika moja, halafu narudia, mpaka saa tano. Uliniuliza kama niliwapa kitu. Sikujua kama hicho ni kitu. Juzi uliponieleza ndipo nikajua, na bado nikakaa kimya siku mbili. Hilo la kimya ndilo langu hasa. La kwanza lilikuwa ujinga."

"Nilibandika tangazo! Kwa herufi hizi!"

"Kwa mkono, uliandika. Sikuwagusa kwa mkono."

Ilimtoka tu, wala hakuwa anajitetea, lakini Daktari aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Wiki nane, Mjomba! Na sasa wiki nzima ninalia chooni, najiona mwehu, napima damu ile ile usiku na mchana, na wewe uko hapo chini unawachora picha! Umeniua. Unajua kwamba umeniua?"

"Najua."

"Na ulijuaje ni wa maji? Nani alikwambia bluu ni maji?"

"Wewe. Nyekundu ulikuwa unaizungusha. Bluu unaitikisa."

Daktari alitazama viganja vyake. Akakaa kwenye ngazi na viatu vyake vizuri, bahasha juu ya magoti. Alikaa muda mrefu. Mfanyakazi mmoja alitaka kupita, akawaangalia, akaamua kutumia njia nyingine.

"Kwa nini wao tu?" aliuliza mwishowe. Sauti ilikuwa imeshuka. "Kwa nini hukuwapapasa wote?"

"Wenzao walikuwa na cha kungojea."

Daktari aliinuka. Akaichana bahasha vipande viwili, akapanda juu kwa Profesa, na Mjomba akateremka kuwapa panya maji, kwa sababu iwe Ijumaa gani, panya lazima wanywe.

Daktari alirudi alasiri. Alikuwa amebeba daftari, mizani ndogo ya kupimia unga wa dawa na saa ya kuhesabia sekunde. Akavipanga mezani bila kumtazama.

"Profesa amekasirika sana," alisema. "Kwanza alifoka yeye, kisha nikafoka mimi, kisha akaanza kuuliza maswali. Tunarudia jaribio lote. Safari hii makundi matatu: peptidi, maji, na brashi. Chupa atazibandika rangi mtu mwingine, mimi mwenyewe nisijue ipi ni ipi. Anasema kama brashi inafikia peptidi yangu, hilo nalo ni jambo la kuandikwa." Akalisogeza daftari. "Lakini wewe hutaingia. Amesema usiingie tena chumba hiki. Utakwenda ghorofa ya tatu, kwenye vyombo vya kioo. Nilimwomba, Mjomba. Nilimwomba mara mbili."

"Umefanya vizuri," Mjomba alisema. Akauchomoa ufunguo wa chumba kutoka kwenye pete yake ya funguo. Ulikuwa mgumu kutoka, miaka kumi na tisa ulikuwa haujatoka, ukamchana ukucha. Akauweka mezani karibu na mizani.

"Wa brashi nitawapapasa mimi," Daktari alisema. "Na lazima niandike namna ya kufanya, mtu mwingine popote akisoma aweze kurudia. Kwa hiyo nahitaji unionyeshe. Yote. Nguvu kiasi gani, unaanzia wapi, haraka kiasi gani."

Mjomba akaichovya brashi kwenye maji ya uvuguvugu, akapapasa sahani ya mizani. Gramu tatu. Nne. Tatu tena. Daktari akahesabu sekunde, akaandika. Kisha akachukua brashi, akajaribu mwenyewe: gramu tisa, gramu moja, gramu kumi na mbili.

"Namba hazinifundishi," alisema. Akasukuma mizani pembeni, akapandisha mkono wa koti na kulaza mkono mezani, upande wa ndani ukiwa juu. "Nifanyie hapa nisikie."

Mjomba alisita. Kisha akainamisha brashi na kuivuta kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono, mara moja, mara mbili, mara tatu. Daktari alikuwa anatazama saa ya sekunde, halafu akawa haitazami. Mabega yake yalishuka. Akasema kwa sauti ndogo, "Sikujua ni hafifu hivi," kisha akaitaka brashi.

"Sasa mimi nikufanyie wewe. Unaniambia kama ndivyo au sivyo. Nikikosea hapa nitakosea kwa watoto, kwa hiyo usinionee haya, sema."

Akamkunjia Mjomba mkono wa shati mwenyewe, mara mbili, kwa sababu mzee alikuwa amekaa tu. Akamshika kifundo kwa mkono wa kushoto ili kisisogee. Vidole vyake vilikuwa na joto. Akachovya brashi, akaikung'uta ukingoni mwa bakuli, akaiweka penye kiwiko, akaivuta chini polepole, moja kwa moja, bila kukatisha.

Ilikuwa ndivyo. Mara ya kwanza tu, na ilikuwa ndivyo kabisa, uzito wake, mwendo wake, hata lile pumziko dogo la mwisho kabla ya kuinua. Hakuna ambacho angeweza kumwongezea. Machozi yakaanza kumtoka Mjomba mbele ya mtoto wa watu, naye akageuza uso upande wa vizimba.

"Mjomba? Ndivyo?"

"Sivyo," alisema. "Bado hujapata. Rudia."